Nyayo za Chembe Zisizoonekana

Mwindaji aingiapo katika msitu wa Tshopo asubuhi, mara nyingi hamwoni mnyama. Huona tope, na katika tope huona alama za kwato. Kwa alama moja hujua kwamba mnyama amepita. Kwa alama mbili hujua ameelekea wapi. Kwa alama tatu au zaidi hujua kama alikwenda moja kwa moja au alipinda njia. Mnyama yu mbali, lakini habari zake zimebaki chini.

Wataalamu hutumia akili hiyo hiyo kutafuta vitu vidogo sana. Hebu tutazame jinsi wanavyofanya.

Chembe ni nini?

Jiwe, maji, jani la muhogo na mkono wako, vyote vimefanyizwa kwa atomi. Atomi ni ndogo mno, wala jicho haliwezi kuiona. Katikati ya atomi mna kiini, na nje ya kiini mna elektroni. Ndani ya kiini mna chembe ziitwazo protoni. Protoni ina umeme wa namna moja, na elektroni ina umeme wa namna ya pili, ulio kinyume chake.

Chembe nyingine hutujia kutoka angani. Mwaka 1912 mtaalamu wa Austria, Victor Hess, alipanda juu sana kwa puto, akagundua kwamba mionzi inatoka juu kuja duniani. Sasa twajua kwamba mionzi hiyo hugonga hewa na kuzaa chembe nyingine, ziitwazo muoni. Nyosha kiganja chako. Karibu kila sekunde muoni moja hukipita, wala husikii kitu.

Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji, mwalimu wa chuo kikuu cha Louvain, alichunguza njia za chembe hizo. Mwaka 1933, pamoja na Manuel Sandoval Vallarta wa Meksiko, alionyesha kwa hesabu jinsi dunia, iliyo kama sumaku kubwa, inavyopinda njia za chembe zenye umeme. Kwa sababu hiyo chembe zifikazo karibu na Ikweta ni chache kuliko zile zifikazo kaskazini na kusini ya mbali. Mji wa Kisangani uko karibu sana na Ikweta. Basi sisi tumo mahali ambapo sumaku ya dunia huzuia chembe nyingi za angani.

Mashine ya kugonganisha chembe

Mtu akingoja chembe za angani, hawezi kuchagua saa wala mahali. Kwa hiyo wataalamu walijenga mashine ya kugonganisha chembe wenyewe. Iliyo kubwa kuliko zote iko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, katika kituo kiitwacho CERN, kilichoanzishwa mwaka 1954. Mashine hiyo ilianza kazi mwaka 2008. Ni njia ya mviringo chini ya ardhi, karibu mita 100 kwenda chini, na urefu wake ni kilomita 27. Mtu akiizunguka kwa miguu atatumia saa tano au sita. Protoni huizunguka zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja!

Makundi ya protoni huzunguka upande huu, na makundi mengine upande ule. Mahali pachache hukutanishwa, nazo hugongana. Nguvu ya mgongano huzaa chembe mpya, na chembe hizo hutawanyika pande zote. Nyingine huvunjika kabla hata hujapepesa jicho. Sasa, nani atajua ni nini kilichotokea pale? Ni lazima kutafuta nyayo.

Mchanga unaotunza nyayo

Wavuvi wa Wagenia huweka vikapu vyao vikubwa penye maji ya nguvu ya mto Kongo. Maji hupita, samaki hubaki. Chombo tunachokisoma hapa si kama kikapu hicho. Hakishiki chembe. Ni kama tope la njiani: chembe hupita na kwenda zake, alama yake hubaki.

Chombo hicho hufanyizwa kwa silikoni. Silikoni hupatikana katika mchanga na mawe ya duniani kote. Mafundi huisafisha sana, kisha huikata vipande vyembamba. Unene wa kipande ni karibu theluthi au nusu ya milimita. Juu yake huchorwa mistari mingi myembamba, karibu kama nywele, na kila mstari una namba yake.

Sasa tazama kazi yake, hatua kwa hatua.

1. Chembe yenye umeme hupenya kipande cha silikoni.
2. Inapopita hubandua elektroni katika atomi za silikoni. Katika unene wa theluthi ya milimita hubandua elektroni kama 20,000 hivi.
3. Kipande kimetiwa nguvu ya umeme. Nguvu hiyo huzivuta elektroni mpaka kwenye mstari ulio karibu.
4. Mstari huo hutoa ishara ndogo ya umeme.
5. Kompyuta husoma namba ya mstari, nayo hujua mahali chembe ilipopita.

Chembe isiyo na umeme haibandui elektroni hivyo, kwa hiyo haiachi alama katika silikoni. Hiyo hutafutwa kwa vyombo vingine.

Kipande kimoja hutoa alama moja tu. Kwa hiyo vipande hupangwa tabaka juu ya tabaka, kuzunguka mahali pa mgongano, mfano wa maganda ya kitunguu. Katika chombo kimoja cha CERN, kiitwacho CMS, silikoni yote ikitandazwa chini itafunika mita za mraba karibu 200. Ingetosha sakafu za vyumba vitatu vikubwa vya darasa.

Kwa nini njia hupinda?

Silikoni ya CMS imezungukwa na sumaku yenye nguvu nyingi. Kama vile Padri Lemaître alivyohesabu juu ya dunia, sumaku hupinda njia za chembe zenye umeme. Chembe zenye umeme wa namna moja hupinda upande huu, na zenye umeme wa namna ya pili hupinda upande ule.

Umewahi kutazama toleka, baisikeli zichukuazo watu mjini Kisangani? Toleka iendayo polepole yaweza kupinda mara moja kwenye kona. Iendayo mbio, na imebeba mzigo mzito, hupinda kwa duara kubwa. Chembe nazo ni hivyo. Zenye mwendo wa nguvu hupinda kidogo, na zenye mwendo dhaifu hupinda sana. Basi mtaalamu akipima upindo wa njia, hujua nguvu ya mwendo wa chembe.

Kufuata nyayo kurudi nyuma

Mwindaji huweza pia kufuata nyayo kinyume, mpaka mahali mnyama alipotoka. Chembe nyingine huishi muda mfupi kuliko sekunde moja iliyogawanywa mara milioni 100,000. Husafiri milimita chache tu, kisha huvunjika na kuzaa chembe nyingine. Wataalamu huchukua nyayo za watoto, huzifuata kurudi nyuma, na mahali zinapokutana ndipo mzazi alipovunjika. Kwa kazi hiyo alama ni lazima ziwe sahihi mno: tabaka za ndani hukosea kwa karibu sehemu ya mia ya milimita tu.

Kwa njia ya namna hii chembe ya Higgs ilipatikana. Wataalamu waliiwaza mwaka 1964, nayo ilitangazwa CERN karibu nusu karne baadaye, yaani tarehe 4 Julai 2012. Chembe hiyo yenyewe haiachi wayo, kwa kuwa huvunjika upesi mno. Alama moja iliyowasaidia ni nyayo za chembe nne zilizotokana nayo. Lakini mgongano mmoja hautoshi, maana chembe nyingine zaweza kuacha nyayo zinazofanana. Ilipasa kukusanya migongano mingi sana na kuihesabu. Haba na haba hujaza kibaba.

Chombo nacho huchoka

Chembe zipitazo huharibu silikoni kidogo kidogo. Kwa hiyo hutunzwa katika baridi kali, chini ya baridi ya barafu, na baada ya miaka mafundi hubadilisha vipande vilivyoharibika.

Ujuzi huu umesaidia hata waganga. Kutokana na vigae vya silikoni vilivyotengenezwa CERN, wataalamu wamefanya mashine za eksirei zinazoonyesha mifupa na nyama kwa rangi mbalimbali. Mwaka 2018 mtu wa kwanza alipigwa picha ya namna hiyo huko New Zealand.

Nao Waafrika wamo katika kazi hii. Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyoanza mwaka 2010 Afrika ya Kusini, huwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2016 ilifanyika Kigali, Rwanda, si mbali na mpaka wetu. Mwanzo wa kazi yao ni ule unaojifunza sasa: kuhesabu vizuri, kupima bila kubahatisha, na kutosema umeona kitu mpaka nyayo zimethibitisha.

Maswali

1. Kwa nini alama moja haitoshi kujua njia ya mnyama au ya chembe?
2. Chombo cha silikoni chatofautianaje na kikapu cha Wagenia?
3. Chembe mbili zimepita katika sumaku. Moja imepinda sana, nyingine kidogo. Ipi ina mwendo wa nguvu zaidi?
4. Tia nukta tatu katika karatasi, zisiwe katika mstari mmoja. Chora duara moja lipitalo katika nukta zote tatu. Je, waweza kuchora duara la pili lipitalo katika nukta hizo hizo?