TAARIFA KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KOMPYUTA NDOGO KAMA KABATI LA MAFAILI YA SIRI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaelezwa hapa njia moja ya kuchukua mafaili ya kompyuta kwa usalama, hasa wale ambao kazi zao zinawalazimu kusafiri na kumbukumbu za afisi baina ya Unguja na Pemba.

Jalada la karatasi lina utaratibu wake. Hufungiwa kabatini, ufunguo hukaa kwa karani wa masjala, na halitoki ila kwa kutiwa sahihi daftarini. Lakini orodha ya mishahara, taarifa za wagonjwa na hati za viwanja huweza leo kutiwa katika flashi na kubebwa mfukoni. Flashi ya kawaida haina mlango. Ikidondoka botini au bandarini, anayeiokota huichomeka na kusoma kila kilichomo. Hasara hiyo si ya mtumishi aliyeipoteza peke yake, bali pia ya mwananchi ambaye siri yake ya hospitali imo humo.

Kifaa kinachoweza kuziba pengo hilo ni kompyuta ndogo ya bao moja. Mfano wake ni Raspberry Pi Zero, iliyotolewa nchini Uingereza mwezi wa Novemba 2015 kwa bei ya dola 5 za Marekani. Urefu wake ni milimita 65 na upana milimita 30. Haina kioo wala kibao cha herufi, na huendeshwa na mfumo wa Linux uliomo katika kadi ndogo ya kumbukumbu. Aina hiyo ya kwanza haina mawasiliano yasiyotumia waya, na kwa kazi hii jambo hilo ni faida, kwani haifikiwi kwa mbali.

Bao hilo lina matundu mawili ya waya: moja la umeme tu, na jingine la umeme pamoja na mawasiliano. Likiunganishwa na kompyuta ya afisi kwa tundu la pili, linaweza kuamrishwa lijitambulishe kama flashi. Tofauti yake na flashi ni kuwa lenyewe ni kompyuta, hivyo huweza kukataa kuonesha chochote mpaka mwenyewe ajulikane. Utaratibu wake ni huu:

(a) Mtaalamu hutenga sehemu ya kadi na kuifunga kwa usimbaji, yaani kugeuza maandishi kuwa alama zisizosomeka bila ya ufunguo. Katika Linux kazi hiyo hufanywa kwa mpango uitwao LUKS.

(b) Kifaa kinapochomekwa, kwanza hujionesha kama kiungo cha mtandao tu. Mtumiaji huingia kwa programu ya SSH na kuandika neno lake la siri.

(c) Neno likiwa sahihi, sehemu iliyofungwa hufunguka na kuonekana kama diski. Inaweza pia kufunguliwa kwa kusoma tu, ili virusi vya kompyuta visipate kuandikwa ndani yake.

(d) Kazi ikimalizika, diski huondolewa kwanza kwa amri ya kompyuta, kisha waya huchomolewa. Umeme ukikatika, mlango hujifunga wenyewe.

Kwa hiyo mtu akikiokota kifaa hicho, au hata akiitoa kadi yake na kuitia katika kompyuta nyengine, ataona alama zisizo na maana.

Hata hivyo, kifaa hiki kina mipaka yake. Kwanza, mlango ukiwa wazi, kompyuta iliyounganishwa huona kila kitu. Ikiwa ina programu ya wizi, mafaili na hata neno la siri huweza kunakiliwa. Pili, kasi yake si kubwa. Kinatosha kwa barua na hesabu, lakini si kwa picha nyingi za video. Tatu, neno la siri likisahaulika na ikawa hakuna ufunguo wa akiba, hakuna fundi atakayeweza kuyarejesha mafaili hayo.

Kwa sababu hizo, yafuatayo yanasisitizwa:

1. Kifaa hiki kisiunganishwe na kompyuta ya Serikali bila ya idhini ya mkuu wa afisi, na kitayarishwe na mtu mwenye ujuzi.

2. Neno la siri liwe refu, na lisiandikwe juu ya kifaa wala kuhifadhiwa katika kadi hiyo hiyo.

3. Nakala ya pili ya mafaili, nayo ikiwa imefungwa kwa usimbaji, ibaki afisini, kwani kadi ya kumbukumbu huchakaa na kufa.

4. Kifaa kisifunguliwe katika kompyuta za kukodi wala za watu wasiojulikana.

5. Flashi iliyookotwa isichomekwe popote. Mwaka 2014 watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionesha kwamba programu iliyomo ndani ya kifaa cha USB huweza kubadilishwa, kikajifanya kibao cha herufi na kuiamrisha kompyuta.

Siri ya mwananchi ni amana mikononi mwa mtumishi, iwe katika karatasi au katika kadi ndogo kuliko ukucha. Tahadhari kabla ya hatari.