Umetangaza mara moja, kompyuta yasema mara mbili

KIJANA anayejifunza lugha ya C, awe katika maabara ya kompyuta mjini Mbarara au mbele ya kompyuta ya mkononi inayochajiwa kwa sola katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hachelewi kukutana na shutuma moja inayokera kuliko nyingine zote. Kompyuta inamwambia amejipinga. Inadai fanksheni fulani ameitangaza mara mbili, na kauli ya pili haipatani na ya kwanza.

Anaisoma programu yake kuanzia juu hadi chini. Ameitangaza mara moja tu!

Tuseme ameandika programu ndogo ya kukokotoa mgao wa chakula wa kaya. Juu ameweka sehemu kuu, na humo ameita fanksheni aliyoipa jina la mgao: anaipa idadi ya watu, nayo impe kilo. Chini kabisa ndipo akaandika mgao wenyewe, akisema jibu lake ni namba yenye desimali, maana kilo hazigawanyiki sawasawa kila siku.

Kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine, husoma kuanzia juu kwenda chini. Ilipokutana na jina mgao kwa mara ya kwanza, ilikuwa haijaambiwa ni kitu gani. Kwa kanuni za zamani za C haikuuliza. Ilikisia kwamba ni fanksheni inayorudisha namba nzima, ikaandika hivyo katika daftari lake. Mistari kumi baadaye inamkuta mwenyewe akisema desimali. Daftari linasema hivi, mwenye jambo anasema vile, na anayeshutumiwa ni mwenye jambo.

Mkazi wa Nakivale hahitaji kuelezwa mara mbili kisa cha namna hii. Makazi hayo yaliyopo wilayani Isingiro yalianza mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na tangu hapo yamepokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Ni jambo linalojulikana kwa wakimbizi wa sehemu nyingi duniani kwamba asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa 1 Januari. Siku akileta cheti chenye tarehe ya kweli, yeye ndiye anayeonekana kubadili maneno.

Na si jambo dogo. Kati ya Machi na Oktoba 2018, Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda na UNHCR zilihakiki wakimbizi wote nchini kwa alama za vidole na mboni za macho, kufuatia madai kwamba idadi ilikuwa imeongezwa. Takwimu za awali zilitaja watu milioni 1.4, waliohakikiwa walikuwa kama milioni 1.1. Katika zoezi la namna hiyo, kumbukumbu mbili zisizopatana ni jambo la kujieleza mbele ya meza.

Turudi kwa kompaila, ambayo kwa hili ina uungwana fulani. Haitoi shutuma tupu. Inataja mstari wa kauli ya pili, kisha inaonyesha mstari wa ile ya kwanza. Kompaila ya GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, huongeza neno moja dogo ambalo wanafunzi wengi hulipita: kwamba tangazo la awali lilikuwa la kudhaniwa, halikuandikwa na mtu. Jibu la kitendawili limo humo.

Kutangaza mara nyingi si kosa lenyewe. Katika C unaweza kurudia tangazo lile lile hata mara kumi, mradi halibadiliki. Lugha ya C++ inaruhusu hata fanksheni mbili za jina moja, kama zinapokea vitu tofauti, sawa na Amina wawili wanaotofautishwa kwa majina ya wazazi. Lakini wakitofautiana kwa jibu tu, inakataa. Python ndiyo ya ajabu: kauli ya mwisho inafuta ya kwanza, kimyakimya. Mimi naona heri kompaila inayogomba.

Maana hatari kubwa ipo pale ambapo haigombi. Kompaila ya C husoma faili moja moja. Mwanafunzi wetu akihamishia mgao kwenye faili la pili, akauita kutoka la kwanza bila kuutangaza, hakuna faili hata moja linaloonyesha mgongano. Kompaila ya zamani itatoa onyo tu, kisha programu itatengenezwa na itafanya kazi. Kwenye kompyuta nyingi za leo jibu la desimali huwekwa mahali pamoja na la namba nzima mahali pengine. Sehemu kuu itachungulia pasipo na jibu, ichukue namba yoyote iliyosalia pale, na kuiandika kuwa kilo za kaya ya watu saba.

Kukisia huko kuliondolewa katika kanuni za C mwaka 1999, ila kompaila ziliendelea kukuvumilia kwa miaka mingi. GCC toleo la 14, lililotoka mwaka 2024, ndilo lililoligeuza onyo hilo kuwa kosa. Hivyo programu iliyokubalika kwenye kompyuta kuukuu Nakivale inaweza kukataliwa siku hiyo hiyo kwenye mashine mpya mjini Mbarara, na mwenyewe akadhani mashine ya mjini ni mbovu.

Dawa yake ni mstari mmoja, kabla mtu mwingine hajakusemea:

double mgao(int watu);

Uandikwe katika faili dogo la matangazo, na mafaili yote mawili yalisome hilo kwanza. Ukija kubadili mgao ukasahau kubadili tangazo, kompaila itagomba.