Asilimia ya Mtaa Mmoja

Mtu akikuambia kwamba nusu ya kaya za Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, hazipati maji kila siku, muulize kwanza: ziliulizwa kaya ngapi? Utafiti wa afya na idadi ya watu uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulichagua maeneo 629, na kila eneo kaya 26. Sampuli hiyo inafaa kuuzungumzia Mkoa wa Mjini Magharibi, ambao Kiponda imo ndani yake. Kiponda yenyewe haikuwa lengo lake, na yawezekana hata mlango mmoja wa hapo haukupigwa hodi.

Kaya 26 zikichaguliwa kwa bahati nasibu, na nusu zikasema maji hayatoki, ukweli wa mtaa unaweza kuwa popote kati ya asilimia 31 na 69. Kwa takwimu ya namna hiyo huwezi kuamua bomba lipite wapi.

Lakini lipo kosa ninaloliogopa zaidi, kwa sababu halipungui hata ukiongeza kaya. Mji Mkongwe, mlango mmoja wa njiani huweza kuficha familia nne ghorofani, kila moja na chungu chake. Kitakwimu kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja, kwa hiyo mdadisi anayehesabu milango amekwisha kuwaacha watu kabla ya kuuliza swali lolote. Akija asubuhi, wenye kazi wako Darajani au bandarini. Atajibiwa na bibi aliyebaki na wajukuu, na majibu ya bibi ndiyo yatakayoitwa ya mtaa.

Sensa ya 2022 haina tatizo la sampuli. Ilihesabu wote, Zanzibar ikapata watu 1,889,773, ndiyo maana inaweza kushuka hadi shehia, ngazi ya utawala inayosimamiwa na sheha. Ila ilihesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Shangani, mtaa mwingine wa Mji Mkongwe, kumejaa hoteli. Ukigawa huduma kwa idadi hiyo bila kuwatenga wageni, utakuwa umewapangia watalii.

Wataalamu huunganisha sensa na utafiti ili kukadiria hali ya eneo dogo. Mbinu ni nzuri, lakini huuazima mtaa tabia za mkoa mzima, na Shangani haifanani na Fuoni iliyo nje ya mji. Kabla ya kuamini makadirio hayo, ningetaka orodha ya kaya ipitiwe pamoja na sheha, nyumba kwa nyumba, ghorofa kwa ghorofa, na wadadisi warudi jioni.