Redio Inakoroma: Ni Redio au Ni Stima?

Katika kutembelea jumuiya za huku Njoro, Rongai na Bahati tumesikia lalamiko moja mara nyingi. Mtu amenunua redio kwa jasho lake. Mchana inaimba vizuri. Ikifika saa moja jioni inakoroma, sauti inapasuka, mara inazimika yenyewe. Mama mmoja alipeleka yake kwa fundi mara tatu, na kila mara iliimba pale dukani bila shida. Pesa za fundi zikaenda, na za matatu pia. Kumbe redio ilikuwa nzima. Iliyougua ni stima ya nyumbani.

Stima ni chakula cha redio

Stima yetu Kenya ni ya volti 240, nayo huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kila sekunde. Ndani ya redio kuna sehemu ya kuinyoosha iwe kama ya betri. Isiponyooshwa sawasawa, mabaki yake yanasikika kwenye spika: mmmm.

Wengine hutuuliza, "Si Olkaria iko hapa kwetu? Mbona stima ni dhaifu?" Ni kweli mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, unazalisha stima tangu 1981. Lakini stima hiyo huingia kwanza kwenye nyaya za nchi nzima. Nguvu inayokufikia inategemea sana transfoma ya mtaa na waya wa mwisho. Mradi wa Last Mile ulioanza 2015 ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka transfoma, kwa sababu waya mrefu hupoteza nguvu njiani. Ni kama mpira mrefu wa maji: wakifungulia wengi, wa mwisho anapata matone.

Sikiliza dalili

Sauti inapasuka na taa inafifia: nguvu imeshuka. Kinu cha posho kikianza kuzunguka, mota yake huvuta stima mara kadhaa kuliko kawaida. Amplifaya za zamani zenye transfoma nzito huumia zaidi, na ukiongeza sauti wakati huo unaweza kuunguza spika. Redio nyingi za siku hizi, zilizoandikwa nyuma 100–240V, huvumilia stima kidogo, lakini haziwezi stima iliyopita kiasi.

Inatatarika, tak-tak-tak: kuna cheche mahali. Inaweza kuwa friji, pampu, mashine ya kuchomelea vyuma, au soketi iliyolegea. Chaja za bei rahisi na balbu za LED pia huleta kelele. Stesheni za AM huisikia zaidi kuliko za FM.

Mvumo usiokwisha: mara nyingi vyombo viwili vilivyounganishwa, kama kinanda na amplifaya, vimechomekwa soketi za mbali mbali. Katika kanisa moja tunalolijua, vijana wa kwaya walikata waya wa athi ili mvumo uishe. Ukaisha kweli. Jumapili iliyofuata mmoja wao alishika maikrofoni huku mkono mwingine uko kwenye gitaa, akarushwa na stima. Alipona, lakini tulitetemeka sote. Waya wa athi usikatwe kamwe. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja nzuri, mvumo utapungua.

Kabla ya kwenda kwa fundi wa redio

1. Weka betri kama redio inazitumia. Ikiimba safi, angalia stima.
2. Andika kwenye daftari saa inapokoroma, na kitu gani kimewashwa.
3. Uliza majirani. Kama ni wote, ripotini Kenya Power kwa *977#, mkiwa na zile saa mlizoandika. Kama ni wewe peke yako, ita fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Usimwite tu kijana anayejua kuunga waya.
4. Stabilaiza husaidia nguvu ikipanda na kushuka. Haiponyi soketi iliyolegea, wala haiondoi mvumo wa nyaya.
5. Stima ikipotea, chomoa vyombo. Ikirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke.

Na hili lisisahaulike: taa zako ziking'aa kupita kiasi huku za jirani zinafifia, pengine waya wa nyutro umekatika kwenye laini. Hapo nyumba inaweza kupata volti zinazokaribia 415. Zima swichi kuu mara moja, waambie majirani, upige ripoti.

Turudi kwa yule mama. Hatimaye fundi wa stima alifungua soketi aliyokuwa akichomekea redio, televisheni na pasi ya jioni, vyote kwa ekstensheni moja. Waya ulikuwa umelegea, na plastiki imeanza kuyeyuka. Hatua moja kutoka hapo palikuwa na kitanda cha watoto. Soketi mpya iligharimu kidogo kuliko safari moja ya redio mjini. Kwa hiyo redio yako ikikoroma jioni, usikimbilie kuilaumu. Kwanza gusa plagi yake. Ikiwa ya moto, zima swichi kuu ndipo uichomoe, wala usiitumie tena soketi hiyo mpaka fundi aikague.