Mgonjwa Aende Wapi Kwanza?

Watu wengi wa Kenya, hasa wakaao mijini, wakipatwa na ugonjwa mdogo hupenda kwenda moja kwa moja katika hospitali kubwa. Hudhani kwamba penye jengo refu ndipo penye dawa yenye nguvu. Basi mtu mwenye mafua huketi benchi moja na mtu aliyeletwa kutoka mbali kwa ugonjwa wa figo, na wote wawili humngoja daktari yule yule. Mwenye mafua hupoteza nauli na siku nzima ya kazi. Mwenye figo aweza kupoteza zaidi ya hayo.

Kwa hiyo yafaa kila mtu ajue jinsi nyumba za tiba zilivyopangwa, ili akiugua ajue mlango wa kubisha kwanza. Maelezo haya yahusu ugonjwa usio wa dharura. Mtu aliyegongwa na gari, aliyezimia, mwenye maumivu makali ya kifua, au mama mjamzito atokwaye na damu, huyo hana haja ya kuchagua. Apelekwe upesi katika hospitali iliyo karibu, na Katiba ya mwaka 2010 imesema wazi kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Tiba ya Kenya ina madaraja sita. La kwanza ni kijijini au mtaani kwa mgonjwa mwenyewe. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilituma wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba ya vyombo kama vile kipima joto, mizani, na vipimo vya shinikizo la damu na vya sukari. Mhudumu huyo si daktari, lakini aweza kumwambia jirani yake kama jambo ni la kungoja au la kwenda kutazamwa. Daraja la pili ni zahanati, la tatu kituo cha afya, la nne hospitali ya kaunti ndogo, na la tano hospitali ya rufaa ya kaunti. La sita ni hospitali kuu za taifa, kama ile ya Kenyatta iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1901, na ile ya Moi huko Eldoret. Hizi ziliwekwa kwa ajili ya magonjwa yaliyozishinda nyingine, kama vile saratani na upasuaji wa moyo au wa ubongo.

Magonjwa mengi yampatayo mtu katika maisha yake hayahitaji kupita daraja la tatu. Zahanati hupima malaria, hutibu kuhara, minyoo na upele, husafisha vidonda, huchanja watoto, na hutazama wajawazito. Kituo cha afya huongeza maabara, vitanda vya wazazi, na mara nyingi tabibu. Wako wamdharauo tabibu kwa sababu haitwi daktari, na dharau hiyo haina msingi. Tabibu wa Kenya husoma chuoni miaka mitatu, kisha hufanya mazoezi mwaka mmoja hospitalini kabla ya kupewa leseni, na magonjwa ya kawaida ndiyo kazi yake ya kila siku.

Mfano mzuri ni kikohozi. Mtu hununua chupa ya dawa dukani. Ikiisha, hununua nyingine. Mwezi wa pili huingia naye bado akohoa. Kama ni kifua kikuu, siku zote hizo amelala chumba kimoja na watoto wake akiwaambukiza. Kikohozi kilichotimiza majuma mawili hakifai kungojewa tena, wala hakina haja ya kusafirishwa hadi Nairobi. Kituo cha karibu huchukua makohozi, na kama hakina mashine ya kuyapima huyapeleka penye mashine. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya Serikali, na kwa kawaida hutumiwa kwa miezi sita. Hapo ndipo ukaribu unapokuwa na maana. Anayezifuata dawa mji wa mbali huchoka na nauli kabla hazijaisha, naye akiziacha katikati, vijidudu huweza kuzizoea, na ugonjwa ukirudi huwa mgumu kuliko wa kwanza.

Duka la dawa lina kazi yake, kama vile kuuza dawa ya maumivu ya kichwa, bendeji, au chumvichumvi ya kuchanganya na maji kwa mtoto mwenye kuhara. Mwuza duka si mahali pa kupimiwa homa kwa macho. Si kila homa ni malaria, na dawa za kuua bakteria zilizonunuliwa nusu dozi huleta hasara ambayo haionekani siku ile. Tena duka liwe na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Yako malalamiko ya kweli. Zahanati nyingine hufungwa jioni na mwisho wa juma, na dawa huisha wakati mwingine, mgonjwa akaambiwa akanunue. Ni vema kuuliza mapema saa za kazi na siku za kliniki. Kuhusu malipo, mambo yamebadilika mara nyingi. Mwaka 2004 ada ilishushwa ikawa shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya, na mwezi wa Juni 2013 ikaondolewa katika vituo hivyo vya Serikali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika mahali pa mfuko wa bima uliokuwapo tangu 1966. Aliyejiandikisha huko hulipiwa tiba ya zahanati na kituo cha afya kutoka mfuko wa Serikali hata kama hajatoa mchango, lakini kulazwa hospitalini kwahitaji mchango uliolipwa.

Mzazi na ajue pia wakati ambapo zahanati haitoshi. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, atapikaye kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea asiamke vizuri, ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

Muuguzi au tabibu akiona ugonjwa umemzidi, humwandikia mgonjwa barua ya rufaa. Barua hiyo isikunjwe na kusahauliwa mfukoni, kwa maana humweleza daktari wa hospitali dawa zilizokwisha kutumiwa na vipimo vilivyofanywa, asianze upya. Na mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, aombe maandishi ya kupeleka kwenye kituo chake. Mzee mwenye shinikizo la damu, ambaye hospitali imekwisha kumpangia vidonge, aweza kupimwa kila mwezi karibu na nyumbani, na dawa zikiwapo akazichukua hapo hapo, akarudi shambani kabla ya adhuhuri.