Nani Huiambia Seli Kazi Yake?

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, nilipewa kazi ya kuchunguza kwa hadubini viinitete vya panya vilivyofikia hatua ya seli mbili tu. Siku moja mkono uliniteleza, na sindano ya kioo niliyokuwa nayo ikaipasua seli moja. Nilitaka kukitupa kiinitete kile, kwani niliona nusu ya panya imekwisha kufa. Mwalimu wangu alinizuia, akaniagiza nikirudishe katika sanduku la joto nisubiri. Siku ya tatu seli iliyosalia ilikuwa imejigawa mara kadhaa na kujenga tufe lenye uwazi ndani, sawa na viinitete vizima vilivyokuwa kando yake, ila dogo kwa umbo.

Baadaye nilifahamu kwamba jambo hilo lilikwisha kuthibitishwa zamani. Mwaka 1959 Andrzej Tarkowski, mtaalamu wa Warsaw nchini Polandi, aliua kwa makusudi seli moja kati ya mbili, akavipandikiza viinitete hivyo katika panya jike, na baadhi vikazaliwa panya kamili. Mwaka 1961 alifanya kinyume chake: aliviunganisha viinitete viwili, akapata panya mmoja mwenye wazazi wanne. Nusu ilitoa kizima, na viwili vilitoa kimoja. Laiti kila seli ingezaliwa na kazi yake maalumu, mambo hayo yasingewezekana. Basi seli hupata wapi maagizo yake?

Ndani na nje

Seli zote za kiinitete hurithi jeni zile zile. Hata hivyo, kiinitete cha panya kinapotimiza siku tatu u nusu, na cha binadamu kinapotimiza siku tano, seli zimekwisha kugawana kazi. Zilizo nje hufanya ukuta ambao baadaye hushiriki kujenga kondo la nyuma. Kifungu kidogo kilichobaki ndani ndicho kitakachomtoa mtoto mwenyewe. Mwaka 1967 Tarkowski na mwenzake Joanna Wróblewska walitoa rai kwamba seli hufuata mahali ilipo. Mtu aliye katikati ya umati hubanwa pande zote, na aliye ukingoni ana upande mmoja ulio wazi. Seli nayo yaelekea hulitambua hilo.

Jinsi inavyolitambua ilijulikana kwa msaada wa nzi wadogo wa matunda. Mwaka 2003 wachunguzi waliona kwamba jeni fulani ya nzi hao ikiharibika, kichwa hukua kupita kiasi na kujikunjakunja. Jeni hiyo ikaitwa Hippo, yaani kiboko. Mfuatano wa protini unaoongozwa na jeni ya namna hiyo umo pia katika wanyama wanyonyeshao, nasi tukiwamo. Mwaka 2009 Hiroshi Sasaki na wenzake wa Japani walieleza kazi yake katika kiinitete cha panya.

Katika seli iliyozungukwa pande zote, mfuatano huo huwa macho. Protini iitwayo LATS huibandika fosfeti protini nyingine, YAP, nayo huzuiwa kuingia ndani ya kiini cha seli. Katika seli ya nje, yenye upande ulio wazi, mfuatano hulala. YAP huingia katika kiini, hushirikiana na protini TEAD4, na kwa pamoja huiamsha jeni Cdx2, ambayo huielekeza seli kuwa sehemu ya ukuta. Panya asiye na jeni ya TEAD4 hufa angali kiinitete, kwa kuwa hushindwa kujenga ukuta wa kukishikiza katika mji wa mimba.

Ujumbe wa pili

Seli za ndani nazo hugawana kazi. Baadhi yake hutoa protini iitwayo FGF4, ambayo husafiri hadi kwa jirani na kugusa kipokezi kilicho juu ya seli yake. Jirani anayeupokea ujumbe huo kwa nguvu huwa sehemu ya utando utakaojenga mfuko wa kiini cha lishe. Asiyeupokea hubaki katika kundi la kuujenga mwili. Mwaka 2010 ilionekana kwamba ujumbe huu ukizuiwa katika panya, seli zote za ndani huelekea upande wa mwili, na ukizidishwa, zote huelekea upande wa utando. Kwa hiyo mpango mzuri hutegemea kiasi, si kuwapo kwa jeni peke yake.

Hapana budi kuongeza tahadhari. Panya si binadamu. Mwaka 2017 Kathy Niakan na wenzake, mjini London, waliiharibu jeni OCT4 katika viinitete vya binadamu vilivyotolewa kwa hiari na wenyewe. Vingi vilishindwa kufikia hatua ya tufe, ilhali kiinitete cha panya kisicho na jeni hiyo hufika. Haifai basi kuyachukua matokeo ya panya na kuyavika mwili wa mama bila uchunguzi.

Faida kwa jamii

Pengine msomaji atauliza elimu hii inatufaa nini. Katika jamii zetu mimba changa ikitoka, aghalabu mama huulizwa alibeba mzigo gani, alikula nini, au nani alimtazama kwa jicho baya. Ukweli ni kwamba takriban nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya kwanza huwa na idadi ya kromosomu isiyo sahihi, kosa litokalo aghalabu katika yai, katika mbegu ya kiume, au katika migawanyiko ya kwanza ya seli. Viinitete vingine hukoma kabla mama hajajua kwamba ametunga mimba. Mazungumzo ya seli na seli yana nafasi nyingi za kukatika, na hayo hutukia pasipo mtu yeyote kufanya kosa.

Mama wa namna hiyo apelekwe hospitali akapimwe na kutibiwa, na nyumbani apewe pole badala ya lawama.