El Niño Haijui Ploti Yako

Kila Septemba ikifika, huku kwetu Machakos, kwenye baraza la chifu, kwenye matatu, hata matangani, swali ni lile lile: "Daktari, mwaka huu El Niño inakuja?" Nikisema haiji, watu wanashusha pumzi na kuendelea kujenga bondeni. Nikisema inakuja, wanangoja serikali. Nimechoka kulijibu, maana swali lenyewe ni bovu.

El Niño ni joto la kupita kawaida la maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta. Huongeza uwezekano wa mvua kubwa za vuli huku kwetu, Oktoba hadi Desemba. Kwa masika haina usemi mkubwa. Haya, tuhesabu miaka. Mwaka 1997 ilikuja kali, na Bahari ya Hindi upande wetu nayo ikawa na joto kupita kiasi; tukafurika. Mwaka 2015 ikaja yenye nguvu karibu sawa, tukatishwa kana kwamba kiama kimefika, na mafuriko ya 1997 hayakurudi. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kusemwa, lakini joto la Bahari ya Hindi peke yake likatuletea gharika. Na maji yalipoingia majumbani Mlolongo na Athi River mwaka 2024? Ilikuwa masika, El Niño yenyewe inafifia.

Kama bado hujashawishika, kumbuka Mto Enziu, kwa jirani zetu wa Kitui. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lilisombwa na maji likivuka, wakafa watu zaidi ya 30 waliokuwa wakienda harusini. Huo ulikuwa mwaka wa La Niña, kinyume cha El Niño, na miezi mitatu tu kabla yake ukame ulikuwa umetangazwa janga la kitaifa. Msimu mkavu nao una siku zake za mafuriko.

Hatari hupimwa kwa mambo matatu: mvua yenyewe, nani amekaa njiani mwa maji, na ana nini cha kumshikilia akipigwa. El Niño inagusa la kwanza tu, tena nusunusu. Isitoshe, Machakos adui mkubwa ni ukame. Kuanzia vuli ya 2020 mvua hazikutosha mashariki mwa Kenya kwa misimu mitano mfululizo. Tena mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu (sumukuvu), yakaua watu 125 Ukambani na maeneo ya karibu. Hilo nalo ni janga, na hakuna anayeniuliza habari zake.

Basi fanya haya. Waulize wazee mafuriko ya 1961 na 1997 yalifika wapi, ujenge juu ya hapo. Chimba mitaro ya fanya juu shambani kabla ya mvua, udongo ukiutupa upande wa juu. Panda mahindi ya Katumani, mbaazi na kunde, usiweke shamba zima mahindi. Weka mabati na tangi: milimita 10 za mvua kwenye paa la mita mraba 50 ni karibu lita 500. Kabla ya kuhifadhi mahindi, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, utikise. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani. Mto ukijaa, usivuke, hata dereva akiapa.

Na wewe unayenunua ploti Mlolongo, usiende kuiona Agosti. Nenda Novemba, mvua ikinyesha.